MREJESHO: Cheti cha chama na leseni ya Benki Kuu ya Tanzania (BoT)

Wakuu, nawashukuru sana. Niliuliza kama kampuni ya mikopo yenye cheti cha uanachama wa chama cha wakopeshaji inatosha kuaminiwa. Haitoshi. Chama kinatetea wanachama wake. Leseni ni suala la Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018. Wakopeshaji wasiopokea amana ni daraja la pili kwenye sheria hiyo, wako chini ya Benki Kuu (SACCOS, yaani vyama vya akiba na mikopo, wana Tume ya Maendeleo ya Ushirika). Nilipoomba kuona leseni, mhudumu akanionyesha tena cheti kile kile, kwenye fremu ya dhahabu. Kwenye orodha ya BoT hawamo kabisa. Shemeji yangu, aliyetaka kukopa hapo kwa dhamana ya kadi ya pikipiki, kaichukua kadi yake, sasa anakopa SACCOS ya kazini.