Mrejesho: Miezi kwenye pivoti sasa inaanza na Januari

Wakuu, narudi na mrejesho. Niliuliza kwa nini jedwali langu la pivoti (lile linalofupisha na kujumlisha data) kwenye Excel linaanza na Agosti, Aprili, Desemba badala ya Januari. Mliosema Excel haiitambui miezi ya Kiswahili hivyo inaipanga kialfabeti, mlipatia kabisa. Niliingiza miezi yote 12 kwenye orodha maalumu (custom list, inayoionyesha Excel mpangilio wa kufuata), ndani ya mipangilio ya programu, kisha nikapanga upya A hadi Z. Imekaa sawa! Kuhuisha (refresh) jedwali peke yake hakukutosha.

Ila mwenzangu akitengeneza jedwali jipya kwenye kompyuta yake, Agosti bado inatangulia, maana orodha niliiweka kwenye mashine yangu. Yeye anaweka namba ya mwezi mbele ya jina, yaani 01 Januari, 02 Februari; haipendezi sana, lakini inafanya kazi. Asanteni mno.