Sherehe ya ofisi Kisumu: Nakia, Mr Bean, Money Heist au Papa Shirandula?

Nyar_Dunga
Wadau, ofisini tumekubaliana kila mtu aje kwenye sherehe ya kufunga mwaka amevaa kama mhusika wa filamu au televisheni. Ni mchana, kwenye nyasi karibu na ziwa. Nina elfu mbili na mia tano, na cherehani siijui, hata kutunga uzi ni shida. Nimebaki na wanne: Nakia wa Black Panther, wezi wa ovaroli nyekundu wa Money Heist, Mr Bean na Papa Shirandula wa vichekesho vya runinga ya Kenya. Yupi?

Sindano_Kibuye
Mimi ni fundi, basi nitasema ya kifundi. Nakia, bila kufikiria mara mbili. Ila usikimbilie kitambaa chekundu kama wengi. Nyekundu ni ya Dora Milaje, walinzi wa mfalme. Nakia ni wa watu wa mtoni, rangi yake kijani, ingawa kwenye vita vya mwisho naye anavaa sare yao. Ruth E. Carter, aliyebuni mavazi yale na kupata Oscar mwaka 2019, alichota huku kwetu Afrika: wekundu na shanga za Wamaasai, pete za shingoni za Wandebele, blanketi za Wabasotho. Kwa hivyo vitu vya sokoni havikutoi nje ya filamu.

Njoo Kibuye Jumapili asubuhi mabelo yakifunguliwa, uchague kamera, yaani nguo za daraja la kwanza, kabla ya wengine. Tafuta gauni la kijani lililonyooka, lisilo na maua. Deraya usinunue, itamaliza pesa yote. Chukua yale matandiko ya sponji ya kuunganisha, wanayotambalia watoto. Kata kwa wembe, pasha joto mpaka ikunjike na ikae umbo la bega. Kabla ya rangi pakaa gundi nyeupe ya mbao, uache ikauke, la sivyo sponji itainywa rangi yote.

Baba_Pacha_Nax
Money Heist ndiyo rahisi. Ovaroli nyekundu zipo kwenye maduka ya vifaa vya kazi, na baadaye utaivaa shambani. Lakini kile kinyago cha sura ya Salvador Dalí ni plastiki tupu. Hapa Nakuru jioni utavumilia; Kisumu saa nane mchana utakivua kabla chakula hakijapakuliwa, ubaki mtu wa petroli. Halafu wezi kama hao hawakosekani kwenye sherehe yoyote. Na bunduki ya bandia usipande nayo matatu, tafadhali.

Omwana_wa_Busia
Papa Shirandula! Marehemu Charles Bukeko aliyemwigiza alikuwa wetu. Watu hudhani ni sweta ya soja na rungu basi. Utamu wenyewe ni kwamba mkewe Wilbroda aliamini bwana ana kazi ya ofisi, kumbe ni bawabu. Alikuwa anatoka nyumbani na suti, sare anaivalia kazini. Fika na suti na mkoba, ubadilishe pale pale mbele ya bosi. Zawadi ni yako.

Nyar_Dunga
Kaka, mimi ni mwanamke wa kilo hamsini. Na nibadilishe nguo mbele ya bosi?

Omwana_wa_Busia
😂 Samahani dada. Sare ivae ndani ya suti. Ama uwe Wilbroda, utafute mhasibu mwenye kitambi awe Papa.

Mwalimu_Kakamega
Nawaonya tu wanaowaza Inspekta Mwala, yule polisi wa vichekesho: raia kuvaa sare ya polisi bila idhini ni kosa kisheria, na kombati za jeshi pia usiguse. Afisa kwenye kizuizi hataki kujua habari za sherehe.

Mr Bean ni wa bei ya chini kabisa: koti la kahawia, shati jeupe, tai nyekundu nyembamba, dubu wa mtoto wa jirani. Kipindi kilianza 1990, kwa hivyo bosi na mfagizi wote wanamjua. Shida, haongei; bila ule uso wake utaonekana karani wa kaunti aliyepotea njia.

Achieng_K
Fundi, umesahau kitu. Kwa Kenya, Black Panther ilizinduliwa Kisumu hapa hapa, Februari 2018, babake Lupita Nyong'o, aliyeigiza Nakia, akiwa gavana. Nakia watakuwa watatu kwenye hizo nyasi.

Sindano_Kibuye
Wawili watakuja na nyekundu.

Nyar_Dunga
Basi nimeamua, kijani. Fundi, nikipata gauni pana utanipunguzia kiuno siku hiyo hiyo?

Sindano_Kibuye
Lete kabla ya saa sita, dada. Bega moja la sponji linatosha, mawili yatakuzuia kula samaki. Na uvae ndara za ngozi, mvua ya Desemba ikishanyesha visigino vitazama.