Saa ya Babu (kikundi cha Wana Newala)

JUMAPILI

Shaibu Dar: Assalaam alaykum ndugu zangu. Lile la Mzee nimelimaliza.

Shaibu Dar: 📷 Picha

Shaibu Dar: Saa hii inapiga simu yenyewe, si mpaka simu iwe karibu. Jamaa kaja nayo kutoka Marekani, imetumika kidogo. Mzee akivaa, hata akiacha simu juu ya mti kama juzi tunampata.

Fatu: Waalaykum salaam kaka. Mashallah. Hiyo ya juzi bado naiota usiku.

Zuhura Lindi: Mimi sikuielewa vizuri. Mwanahawa hebu elezea

Mwanahawa: Shikamooni. Simu ilikuwa kwenye mfuko wa shati, shati katundika kwenye tawi asilichafue na mabibo, yeye kaokota korosho mpaka mbali huko. Kizunguzungu kikamshika akakaa chini. Mimi napiga, simu inaita juu ya mti. Mara kumi na moja. Tumemwona magharibi

Zuhura Lindi: Na Ijumaa nimempima 168 kwa 98. Mtu wa presha hiyo anainama chini ya mikorosho saa sita mchana peke yake

Idrisa Fundi: Shikamoo mjomba. Nimeikuza picha, kitufe cha pembeni kina duara jekundu, kwa hiyo kweli ni ile yenye mtandao wake. Apple walianza nazo 2017, Series 3. Swali moja tu, Babu ana iPhone?

Shaibu Dar: Marahaba. Iphone ya wapi, Mzee ana kiswaswadu cha vitufe. Ndo maana nikataka saa inayojitegemea

Idrisa Fundi: Inajitegemea ikishaunganishwa. Kuiunganisha mara ya kwanza lazima iPhone, bila hiyo inabaki kwenye ile picha ya kwanza mpaka betri iishe. Tangu 2020 kuna njia ya kumfungulia mtoto au mzee saa kwa kutumia iPhone ya ndugu, kwa hiyo ya kwako ingefaa

Shaibu Dar: Basi limekwisha

Idrisa Fundi: Bado laini mjomba

Shaibu Dar: Laini inaingia kwa eSIM, ile isiyochomekwa. Mimi si nilipewa karatasi ya vidoti dukani nikaipiga picha ikaingia dakika mbili

Idrisa Fundi: Ile ni ya simu. Laini ya saa ni kitu kingine, kampuni ya simu iwe imeamua kuhudumia saa na mitambo yake iijue. Kesho nitapita dukani kwao niulize

Fatu: Wale wa hisa za mwezi wa kumi, leo saa kumi kwa mama Salma, faini kwa mchelewaji ni elfu mbili

Fatu: Samahani hiyo ya kikoba 🙈

JUMATATU

Idrisa Fundi: Nimeuliza. Dada wa kaunta kaiangalia, kamwita bosi wake, bosi naye kampigia mtu. Jibu: kwa simu ndiyo, kwa saa bado.

Idrisa Fundi: Halafu hii ni toleo la soko la Marekani. Masafa ya mawimbi ya mtandao ya kule si ya huku. Hata simu za zamani za kule zilikuwa za 850 na 1900, sisi 900 na 1800. Unaweza kupata laini halafu saa isiusikie mnara

Fatu: Kaka irudishe

Shaibu Dar: Nimrudishie nani, mtu kesharudi Marekani

Zuhura Lindi: Vaa wewe. Unayo iPhone.

Shaibu Dar: Mkono wangu hauna presha

Idrisa Fundi: Kuna saa zenye tundu la laini kabisa, unachomeka kama simu. Si jambo jipya, Samsung Gear S ya 2014 ilikuwa nalo. Sasa hivi zipo za watoto na wazee, ninazo mbili dukani. Hazihitaji iPhone wala Android ya mtu. Kitufe kimoja, ukikibonyeza sekunde kadhaa inapiga namba ya kwanza, isipopokelewa inaenda ya pili

Shaibu Dar: Za Kichina

Idrisa Fundi: Ndiyo za Kichina mjomba, kama redio ya Babu, na ile redio ina miaka mingapi?

Fatu: Isije ikazimwa kama simu yangu Juni 2016 ule usiku wa simu feki. Nililala na simu nikaamka na kioo

Idrisa Fundi: Mama hapo umesema. Nitaipiga *#06# nione IMEI, namba ya utambulisho wa kifaa, na ilingane na ya kwenye boksi. Hizi za bei chee nyingine zinakuja kumi zote namba moja

Idrisa Fundi: Mwanahawa, kesho ukienda shamba angalia simu yako inaandika nini juu pale. 4G, 3G, H, E, chochote. Ni muhimu kuliko saa yenyewe

JUMANNE

Mwanahawa: Kwa mkorosho mkubwa pale banda ni E. Katikati E, kijiti kimoja. Ukishuka upande wa bonde la Ruvuma meseji imeingia "Karibu Msumbiji" 😂

Shaibu Dar: Msumbiji tena

Idrisa Fundi: E ni 2G. Kwa hiyo ile saa yangu moja inaondoka kwenye orodha. Imeandikwa 4G tu, haishuki. Ingefaa hapa Mtwara mjini, Newala mteremkoni ingekuwa bangili. Hii ya pili inashuka mpaka 2G, sauti inapita. Roming naifunga, isije ikamla Babu salio kwa mnara wa ng'ambo

Zuhura Lindi: Na chaji? Mzee atasahau

Idrisa Fundi: Hapo ndo penye kazi. Hata Apple wenyewe kwa Series 3 waliandika saa 18 za matumizi ya kuchanganya, lakini kuongea mfululizo kwa mtandao wa saa ni saa 1 tu. Antena ni ndogo, na mnara ukiwa mbali saa inabidi ipaze sauti, kupaza sauti ni betri. Hii yangu betri yake ni mAh 700, ni nene kidogo kwa hiyo afadhali. Nazima data yote. Itabaki kupiga na kupokea. Kila usiku kwenye chaji, hakuna mjadala

Shaibu Dar: Ukizima data mimi nitamwona vipi kwenye ramani?

Idrisa Fundi: Hutamwona. Na bila GPS wanakisia kwa minara, pale mnara ni mmoja, itakuonesha yuko Newala. Unajua kuwa yuko Newala

Fatu: 😂😂😂

Fatu: Laini atoe ile kwenye kiswaswadu aweke kwenye saa?

Idrisa Fundi: HAPANA mama

Idrisa Fundi: Ile ndiyo namba aliyowapa benki na chama cha msingi. Meseji ya hela ya korosho inaingia pale, na pesa zake za kwenye simu ziko pale. Saa hii nimejaribu *150, haifungui menyu, inakaa kimya tu. Mnada ukilipa Babu anaanza kugombana na saa. Achukue laini ya pili

Zuhura Lindi: Na alama za vidole? Mnakumbuka Januari 2020 kusajili? Mafuta ya maganda ya korosho yalishamla vidole, mashine inasema jaribu tena, jaribu tena, Mzee anaiambia mashine nijaribu mara ngapi na mimi ni huyu huyu

Fatu: Kidole gumba cha kushoto ndo kilikubali. Aanze na hicho hicho. Alhamisi nakwenda Newala nitampeleka mwenyewe, isisajiliwe kwa jina la mtu mwingine

ALHAMISI

Fatu: Kimekubali. Kidole gumba cha kushoto, mara ya tatu. Saa ameivaa, ameiangalia, ana swali. Mwanahawa mrekodi

Mwanahawa: 🎤 0:31

Idrisa Fundi: Niko kwenye kelele, niandikieni amesemaje

Mwanahawa: Anasema: "Mke wangu ananiambia ni saa nne asubuhi. Saa yenu inasema kumi. Sasa nimwamini nani, mke au saa? Ile yangu ya mishale niliipanga saa za kwetu tangu nimeinunua."

Zuhura Lindi: Mke wake ni Mwanahawa hapo 😂

Shaibu Dar: Haya fundi, jibu hilo

Idrisa Fundi: Hahaha ngoja

Idrisa Fundi: Inawezekana. Saa za kwetu ziko nyuma ya zile za kwenye kioo kwa saa sita. Mama zima ile ya kujiweka muda kutoka kwenye mtandao, kisha chagua mji wa Buenos Aires. Wako nyuma yetu saa sita kamili, na hawabadilishi muda. Onesha kwa saa 12

Fatu: Subiri nitafute miwani

Fatu: Inasema 4:26

Mwanahawa: Babu anacheka mpaka anakohoa. Anasema sasa hiyo ni saa

Zuhura Lindi: Kengele ya dawa niwekeeni saa mbili asubuhi na saa mbili usiku, kwa hiyo saa yake

Shaibu Dar: Namba ya kwanza ya kitufe muweke yangu, mimi ndo mkubwa

Idrisa Fundi: Mjomba ukipokea ukiwa Dar utafanyaje? Ya kwanza Mwanahawa, yuko dakika ishirini kwa mguu. Ya pili jirani wa bodaboda. Ya tatu mama. Wewe wa nne

Shaibu Dar: Wa nne

Fatu: Kaka umetoa hela ya saa, umetoa hela ya laini, tumekuona

Zuhura Lindi: Na ile ya Marekani?

Shaibu Dar: Ipo kabatini. Anayetaka aniambie, na iPhone awe nayo

JUMAMOSI

Mwanahawa: Babu kapiga kutoka mkorosho wa saba kule chini. Dakika nne. Sauti inakatika kidogo ila nimesikia vizuri kwamba chumvi imeisha na nimpelekee magunia mawili