Mashine ya kupima maji ya tangi la matumbawe: inalipa, au ni pambo la sebuleni?

Mwenye mada, Hamburg

Nianze kwa kukiri: ninayo. Imekaa kando ya tangi langu la lita 400, na kila baada ya saa sita inanguruma kidogo, inavuta maji kwa mrija, inatonesha asidi, kisha namba inatokea kwenye simu. Huu ni mwaka wa pili. Bei sitaitaja kwa sababu mke wangu husoma ninachoandika. Msimamo wangu ni kwamba kwa wengi wetu mashine hii hairudishi hela yake. Niko tayari kubishiwa.

Kwa asiyeujua mchezo wenyewe: matumbawe magumu hujijengea mifupa kwa kuchukua kalsiamu na kaboneti kutoka majini. Baharini kinachochukuliwa hakionekani hata kupungua. Kwenye tangi la sebuleni kinaisha, na mwenye tangi ndiye anayepaswa kukirudisha, kwa kawaida kwa pampu ndogo inayodondosha kidogo kidogo mchana kutwa. Kinachotangulia kuyumba ni alkaliniti, yaani uwezo wa maji kuhimili asidi, ambayo sisi huihesabu kwa digrii ziitwazo dKH. Wengi huishikilia kati ya 7 na 9. Ikiporomoka, au ikipanda ghafla, matumbawe kama Acropora huanza kubambuka ngozi toka chini, na ukichelewa unabaki na mfupa mweupe.

Sasa tazameni hesabu. Matumbawe yakila dKH 1 ya alkaliniti, kalsiamu inashuka miligramu 7 hivi tu kwa lita, nayo majini ipo kama 420. Magnesiamu, iliyo karibu 1,300, inakwenda polepole zaidi. Mashine ya Trident ya kampuni ya Neptune Systems ya Marekani, kwa mpangilio wake wa kawaida, hupima alkaliniti mara nne kwa siku, na kalsiamu na magnesiamu mara mbili. Kwa mwendo huo vitendanishi vyake, yaani kemikali za kupimia, hukaa takriban miezi miwili, halafu unanunua vingine. Na haifanyi kazi bila kidhibiti cha kampuni hiyohiyo, ambacho nacho kina bei yake. Kupima kalsiamu mara mbili kwa siku ni kutoka nje kila saa kuangalia kama mwezi umeandama. Kampuni ya GHL ya hapa Ujerumani angalau wameiona hoja hiyo, maana mashine yao ya KH Director imeshikilia alkaliniti.

Upande wa pili kuna kipimo cha mkono, sindano na chupa ya Salifert: unatonesha mpaka rangi igeuke, dakika tano, umemaliza. Mwenye tangi la matumbawe laini, linalokula dKH 0.2 kwa siku, akipima hivyo kila Jumapili na kubadilisha maji kidogo, atakosa nini?

Muscat

Sheikh wangu, Jumapili yako unaikuta nyumbani. Mimi nafanya kazi jangwani, wiki mbili ndani, wiki mbili nje. Tangi langu ni la lita 400 kama lako ila limejaa Acropora, na linakula dKH 1.5 kwa siku.

Mwaka jana mrija wa pampu ulipasuka Alhamisi usiku, dawa ya alkaliniti ikawa inamwagikia kabatini. Ijumaa mchana simu ikaniambia 7.4, jioni 7.0. Kwa kawaida yangu ni 8.2. Nikampigia mama. Nikamwambia mama, chukua mizani yako ya keki, pima gramu 18 za ile bikaboneti iliyo kwenye kopo la buluu, koroga kwenye jagi la maji yaliyochujwa, mimina kidogo kidogo pale panapotoka mkondo. Akaniuliza, "Na hawa samaki wako wanaumwa tumbo?" Akamimina. Kila siku akamimina mpaka nikarudi.

Bila mashine ningejua lini? Siku tatu tu zingenifikisha chini ya 5, na mimi nilikuwa na siku tisa mbele yangu. Matumbawe yale nimeyakuza kwa miaka minne kutoka vipande vya urefu wa kidole. Unaniambia hesabu ya vitendanishi?

Mwenye mada, Hamburg

Swali moja, ndugu. Mashine yako inakupa habari tu, au umeiachia iamrishe pampu?

Muscat

Habari tu. Kuiamrisha siiruhusu.

Mwenye mada, Hamburg

Basi hapo ndipo nilipoumia. Mimi niliiachia. Miezi minane ikaenda vizuri, nikaona mimi ni mjanja. Usiku mmoja hewa ikaingia kwenye mrija wa kuvutia maji, kiputo cha ukubwa wa punje ya mchele. Mashine ikadhani imejaza chombo, kumbe maji ni pungufu. Maji pungufu yanataka asidi pungufu mpaka rangi igeuke, kwa hiyo ikasoma 6.9 wakati ukweli ni 8.3. Kidhibiti kikaongeza dawa. Saa sita baadaye kiputo bado kipo, kikaongeza tena. Asubuhi nilipopima kwa mkono nilikuta 11 na ushee. Ncha za matumbawe zikawa nyeupe kama chaki, mawili yakafa.

Kwa hiyo mashine inaweza kukuokoa, na inaweza kukuunguzia tangi huku umelala na simu inasema kila kitu shwari. Mtu anayepima kwa mkono anakosea pia, lakini hakosei saa tisa usiku na chupa ya dawa mkononi.

Minneapolis

Jamani, naomba kuuliza kabla hamjafika mbali. Mimi ni muuguzi, nina tangi la lita 150, matumbawe laini ya aina ya uyoga wa baharini na zoanthidi, samaki wawili. Dukani wameniambia bila mashine nitapoteza kila kitu. Kaka wa Hamburg, ni kweli?

Mwenye mada, Hamburg

Hapana, dada. Wanyama wako hawana mifupa ya kujenga. Hela hiyo nunua kipimajoto cha pili na kengele ya joto, maana kifaa cha kupasha maji kikiganda kisizime ndicho kitakachokupikia tangi. Pima chumvi, ikae 35 kwa elfu. Naitreti na fosfeti mara moja kwa wiki mpaka uzijue tabia zake.

Mombasa

Nimesoma nikicheka. Mimi natoka baharini, na maji ya bure yako mlangoni, kwa hiyo mtaniwia radhi.

Kwanza, hiyo namba moja mnayoifukuza haipo huku. Nenda mwambani maji yakitoka, siku za bamvua, saa tano asubuhi. Vidimbwi vilivyobaki vinachemka, matumbawe na mwani wanavuta walichopata, maji ya saa hiyo si yale ya alfajiri. Maji yakijaa, bahari nzima inaingia na hesabu inaanza upya. Tumbawe la kidimbwini linaishi kwa kupanda na kushuka.

Pili, mwaka 1998 matumbawe ya pwani hii yalipauka, mengi yakafa. Joto ndilo lililoyaua. Alkaliniti ilikuwa palepale. Huyo dada amejibiwa vizuri: kipimajoto kwanza.

Tatu, mnazungumza kama kwamba vitendanishi vinauzwa kwa Mpemba wa kona. Mimi vikinifikia nimeshalipa usafiri na ushuru, na tarehe ya mwisho imekaribia. Umeme ukikatika mashine inalala. Sindano haihitaji umeme.

Na kwa vijana wa huku wanaosoma: bikaboneti iwe safi. Kuna mtu aliniuliza kama magadi ya sokoni yanafaa, maana ni jamaa moja. Yana floridi nyingi na mengine usiyoyajua. Magadi tupikie kunde.

Muscat

Mzee wangu wa Mombasa, hoja ya kidimbwi naisikia kila mara na hainiingii. Tumbawe la kidimbwini limezaliwa pale, na yale yasiyoweza yameshakufa kabla hatujayaona. Langu limetoka kwenye shamba la kukuzia, kipande cha kipande cha kipande. Halijawahi kuona maji yakitoka. Halafu bahari ikikosea saa tano, saa kumi ina maji ya kusahihisha. Mimi nina lita 400 na mama mwenye mizani ya keki.

Mombasa

Huyo mama ndiye mashine. Mlipeni yeye.

Mwenye mada, Hamburg

Hilo la mama naliweka juu ya hoja zote.

Lakini niseme kitu kinachonipunguzia msimamo, nisije nikaonekana nabisha kwa ubishi tu. Kipima-rangi cha Hanna, kifaa cha mkononi kinachosoma alkaliniti kwa rangi ya maji, nilichokuwa nikitumia zamani, mtengenezaji mwenyewe anasema kinaweza kukosea 0.3 na juu yake asilimia 5. Kwenye 8 hiyo ni karibu 0.7 huku au kule. Kwa hiyo Jumapili 8.4 na Jumapili ijayo 7.9, sijui kama maji yameshuka au ni kipimo kinacheza. Mashine nayo inaweza kuwa nje ya ukweli, ila, ukiacha ajali kama ya kiputo, ikikosea hukosea vilevile leo na kesho, na mara nne kwa siku mstari unajichora. Mstari huo ndio ulionionyesha kwamba tangi langu linakula mchana zaidi kuliko usiku kwa tofauti ambayo sikuitarajia, taa zikiwaka mifupa inajengwa. Nikahamishia dawa nyingi mchana, mstari ukalala. Kwa sindano nisingeliona, labda niamke saa nane usiku kutonesha asidi, na ndoa ina mipaka.

Ila somo hilo nililipata mwezi wa kwanza. Tangu hapo mwalimu namlipa mshahara kila baada ya miezi miwili, na hana jipya.

Muscat

Yakhe, basi niuzie mimi. Yangu ikiharibika niwe na ya akiba. Na utuambie umekaaje bila yake.

Mwenye mada, Hamburg

Nimeizima leo asubuhi. Nitapima kwa mkono Jumatano na Jumamosi, jioni, taa zikiwa bado zinawaka, kwa Salifert. Pampu naiacha kwenye kiwango ilichokuwa.

Mwenye mada, Hamburg (baada ya wiki tatu)

Namba kama nilivyoahidi. Wiki ya kwanza 8.2 na 8.1. Ya pili 8.1 na 8.3. Nikaanza kuandika tangazo la kuuza, picha nimeshapiga.

Jumatano ya wiki ya tatu, 8.0. Jumamosi tulikuwa harusini Bremen, sikupima. Jumapili tulirudi usiku, nimechoka, sikupima. Jumatatu kabla ya kazi nikapita mbele ya tangi, nikaona matumbawe yamefunga vinywa kuliko kawaida. 6.1. Chupa ya dawa ilikuwa tupu. Niliona inakaribia kuisha tangu ile Jumatano nikasema nitajaza kesho.

Hakuna kilichokufa. Nimejaza chupa, napandisha nusu dKH kwa siku, na nimeichomeka mashine tena, bila kuipa ruhusa ya kugusa pampu. Tangazo nimelifuta. Ndugu wa Muscat, usicheke, na mama asisome hapa.

Muscat

Nimeshamsomea. Anauliza, chupa mnazijaza kwa zamu na nani?