Tupeane uzoefu: Babu zetu waliofanya kazi ya kuandika mahakamani

Wakuu, salaam. Tumemzika babu mzaa baba huko Iringa. Alikuwa mpiga chapa wa mahakama mpaka alipostaafu. Wenye wazee wa kazi hii, tuwakumbuke hapa.

Babu alisomea hatimkato, yaani kuandika maneno kwa alama fupi za haraka, na kupiga chapa Chuo cha Uhazili Tabora. Enzi zake shahidi alisema kwa Kiswahili, hakimu akaandika kwa mkono, kwa Kiingereza. Mtu akikata rufaa, jalada lile la mwandiko wa haraka haraka lililetwa mezani kwa babu achape mwenendo mzima wa shauri, kaboni katikati ya karatasi. Akikosea mstari wa mwisho, ukurasa mzima anauanza upya. Hakutaka kufuta, maana jaji akiona pamefutwa atajiuliza palikuwa na nini. Bibi akimwita kula, alijibu: "Kuna mtu yuko gerezani anazingoja hizi."

Habari za kesi hazikuvuka mlango wa nyumba yetu. Ila wajukuu tukienda kushitakiana kwake, alituuliza: "Alisemaje? Nipe maneno yake, siyo ya kwako." Mwaka 2021 sheria ilipobadilishwa, Kiswahili kikawa lugha ya mahakama, alifurahi mno. Alisema sasa shahidi ataweza kusoma alichokisema mwenyewe.

Wa Malindi:
Pole sana ndugu yangu, Mungu amrehemu. Babu yangu mzaa mama alikuwa karani wa korti, na ndiye aliyekuwa mkalimani wa Kigiriama. Mzee akitoa methali kizimbani, babu haifupishi. Ataitafsiri yote hata hakimu awe na haraka vipi. Alirudi jioni sauti imemkauka. Mji mzima ulimwita Karani. Siku ya msiba walipotangaza jina lake halisi, watu waliulizana ni nani huyo.

Wa Marekani:
Poleni. Mimi nimeolewa Ohio, na babu wa mume wangu alikuwa mwandishi wa mahakama. Mashine yao ina vitufe 22 tu. Unabonyeza kadhaa kwa mpigo mmoja, inatoka silabi nzima. Mtihani wao wa cheti unafika maneno 225 kwa dakika. Shahidi akitikisa kichwa, mzee alisimamisha shughuli na kumwomba ajibu kwa sauti. Uzeeni, sisi tukipiga soga sebuleni, vidole vyake vilikuwa vikigonga mkono wa kiti. Alikuwa anatuandika! Nilimpenda sana mzee yule.

Wa Dodoma:
Mtoa mada, pole kwa msiba. Babu yangu naye alikuwa wa hatimkato, na daftari lake ninalo. Mistari minene, mistari myembamba, nukta pembeni, na hakuna hata mmoja kwetu anayeweza kulisoma. Kuna tarehe ya ndoa ya wazazi wangu juu ya ukurasa mmoja. Kama yupo humu aliyesoma hatimkato ya mtindo wa Pitman, naomba anijulishe, nitampelekea popote alipo.