Sala ya mapokezi kwenye hospitali za kanisa: ibaki au iondoke?

Mleta mada: Wakuu, mimi ni Mkristo na muuguzi kwenye hospitali ya kanisa mkoani Tanga. Ukipita kitanda kwa kitanda wodini, Waislamu ni wengi kuliko sisi. Kila asubuhi, kabla dirisha la kadi halijafunguliwa, mmoja wetu husimama mbele ya mabenchi: wimbo mmoja, neno fupi, sala. Ndipo namba zinaanza kuitwa.

Nasema sala ile iondoke mapokezi, tuifanye wafanyakazi wenyewe kanisani. Najua nitapigwa mawe.

Baadhi ya hospitali hizi ni teule: kanisa linamiliki, serikali inachangia mishahara, na wilayani ndiyo hospitali ya kukimbilia. Mama katoka kijijini kwa bodaboda, mtoto anachemka homa, ataenda wapi pengine? Akitulia wakati wa sala msidhani ameridhika, anaogopa kupitwa na namba. Katiba yetu, ibara ya 19, inasema kueneza dini ni hiari ya mtu. Hiari gani hapo?

Mchangiaji wa 1: Kwa hiyo unataka tuwe Wakristo wa kujificha? Mathayo 5:16, nuru yenu iangaze mbele ya watu. Waliojenga hospitali hizi walikuja na Injili mkono mmoja, dawa mkono mwingine. Toa sala, kinachobaki ni msalaba wa rangi ukutani na risiti.

Mleta mada: Mkuu, geuza ukurasa. Hotuba ileile ya mlimani, 6:6: ingia chumbani mwako, funga mlango. Na yule Msamaria wa Luka 10 alifunga majeraha, akalipa dinari mbili, akaenda zake. Hatusomi kwamba alimhubiria majeruhi.

Mchangiaji wa 2: Assalaam aleykum. Mimi Muislamu, niliwahi kumuuguza mama kwenye hospitali ya namna hiyo. Wimbo wenu haukunisumbua, nilikuwa navuta uradi wangu. Kilichoniudhi ni dada mmoja kumwekea mama mkono kichwani bila kuuliza, akaanza kukemea mapepo. Mama ana presha, pepo katoka wapi? Ila usiku alipozidiwa, muuguzi mwingine, rozari shingoni, aliniuliza, "Kaka, kibla ni upande gani?" Tukasukuma kitanda pamoja, gurudumu moja limekwama, linapiga kelele wodi nzima. Huyo hadi leo namwombea dua.

Mchangiaji wa 1: Sawa, na huyo wa rozari unadhani alilelewa wapi? Ni hizo sala za asubuhi unazotaka zifungiwe.

Mleta mada: Zisifungiwe, zihame tu. Lakini hapo umenigusa, maana nami nimelelewa nazo.

Niseme linalonikera mwenyewe. Juzi mzee mmoja wa Kiislamu, kabla ya kuingizwa chumba cha upasuaji, alinishika mkono: "Mwanangu, niombee." Nikaomba kwa Mungu, kwa sauti ya chini, na jina la Yesu nikaliruka. Akaitikia amina. Nimerudi nyumbani sijui kama nilimheshimu yule mzee au niliogopa tu. Nyie mngeombaje?