Tupeane uzoefu: ruta ilikufanyia nini baada ya apdeti?

Mwanzi Mkavu
Wakuu, leo alfajiri nimekuta taa ya intaneti kwenye ruta inapepesa rangi ya chungwa, moyo ukanilipuka. Kumbe ilikuwa inajiwasha upya tu, baada ya dakika tatu ikatulia. Lakini yaliyonikuta mwaka juzi yakanirudia yote, nikaona niyatoe hapa, na ninyi mtoe yenu.

Mwaka juzi niliona ujumbe kwenye ukurasa wa ruta: toleo jipya lipo, bonyeza hapa. Nikabonyeza saa mbili usiku, nyumba nzima iko mtandaoni. Mstari ukafika asilimia 62, ukaganda. Nikasubiri dakika nne. Ukikaa mbele ya mstari usiosogea, dakika nne ni ndefu jamani. Nikachomoa waya wa umeme.

Hapo ndipo nilipoiua. Ruta ilikuwa imeshafuta programu ya zamani na inaandika mpya, mimi nikakata umeme katikati, ikabaki haina ya zamani wala mpya. Taa moja ikawa inapepesa polepole usiku kucha. Waifai hakuna, ukurasa wa ruta wa 192.168.1.1 haufunguki, nimebonyeza kitufe cha kuriseti kwa njiti ya meno sekunde 30, wapi.

Kilichoniokoa ni kile kiprogramu kidogo cha kuwashia, ambacho huwa hakifutwi. Niliipa laptopu anwani 192.168.1.10 kwa mkono, nikachomeka waya wa mtandao tundu la kwanza, nikawa naipigia ping, yaani kuiuliza kama ipo, huku naiwasha. Ikajibu mara tatu, nne, kisha kimya. Nikaona kwenye majibu yale TTL, namba inayokuja na kila jibu, ni 100, wakati siku zote huwa 64. Nikajua humu ndani kuna kitu bado kinapumua. Ni sekunde chache tu za kutumia, na lazima faili la programu ulitume kwa TFTP, njia nyepesi ya kutuma faili, ndani ya sekunde hizo. Mara sita nilichelewa. Mara ya saba faili likaingia. Sikugusa kitu nusu saa nzima, hata kiti sikukisogeza. Taa ilipogeuka kijani niliita watu wote wa nyumbani waje waione.

Ukindu
Usichomoe. Usichomoe. Usichomoe. Hata ikifika dakika 20.

Fundi wa Jioni
Ushauri wangu mimi: bonyeza, kisha nenda kaoge, ukitoka kafagie uwanja, ndipo urudi kuangalia. Anayekaa kuikodolea macho ndiye anayechomoa.

Bi Daftari
Yangu haikufa, ila ilisahau kila kitu. Jina la waifai likarudi lile la kwenye kibandiko cha chini, nywila ile ile ya kiwandani. Hayo si shida. Shida ni kwamba ilisahau na jina la mtumiaji na nywila ya PPPoE, vile vya kuingilia kwa mtoa huduma, na namba ya VLAN, ya njia yao. Napiga simu kwa mtoa huduma, kijana ananiambia kwa upole, "Mama, ulipewa siku ya kuunganishwa." Siku ya kuunganishwa ilikuwa miaka mitano nyuma! Siku mbili nyumba haina mtandao. Karatasi yenyewe nikaja kuikuta imekunjwa ndani ya boksi la ruta, nyuma ya kabati.

Tangu hapo kabla sijagusa apdeti napiga picha kila ukurasa wa mipangilio kwa simu. Ukurasa kwa ukurasa. Faili la bakapu nahifadhi pia, ila silitegemei peke yake, kuna wakati toleo jipya linalikataa faili la toleo la zamani.

Jongoo Mwendo
Mimi apdeti ilikwenda salama kabisa, hata taa haikubadilika. Kesho yake printa haionekani, kamera ya mlangoni imekufa, balbu za waifai haziitiki. Simu na laptopu ziko sawa, kwa hiyo kila niliyemwambia alisema tatizo ni printa. Wiki nzima nahangaika na printa!

Kumbe toleo jipya liliunganisha masafa mawili ya waifai, 2.4 GHz na 5 GHz, chini ya jina moja, na likabadilisha usalama wa waifai kutoka WPA2 ya zamani kwenda WPA3 mpya. Vifaa vile vidogo vinajua 2.4 tu, na vya zamani WPA3 havijawahi kuisikia. Nilitenganisha majina, nikarudi WPA2, vyote vikafufuka dakika ile ile.

Kufuli
Kurudisha nyumba nzima WPA2 kwa ajili ya balbu si sawa mkuu. Weka modi ya mchanganyiko, WPA2 na WPA3 pamoja.

Jongoo Mwendo
Niliijaribu hiyo modi. Printa inaunganika, inakatika, inaunganika. Nimekwambia nilihangaika wiki nzima.

Nyuki wa Tatu
Washa waifai ya wageni, iwe 2.4 na WPA2, vifaa vyote vya kizee uvihamishie huko. Nyumba yako inabaki WPA3 na kamera haiwezi kuchungulia laptopu yako. Ila printa utaikosa, maana mtandao wa wageni hauongei na wa ndani. Printa ipe waya.

Chaneli Sita
Kuna hii ya kutishana bure nayo. Ruta ikiwaka baada ya apdeti, 2.4 inarudi mara moja, 5 GHz haionekani kabisa. Mimi nilishaanza kulia kwamba imeungua. Ukweli ni kwamba ikiwa kwenye chaneli za 52 hadi 144 inalazimika kusikiliza kwanza kama kuna rada hewani, sekunde 60 zisizopungua, na kuna chaneli chache ambazo huko Ulaya zinasubiri dakika 10. Haijaungua. Mwenye haraka aiweke chaneli 36.

Baba Pacha
Naandika hili nikiwa na deni kwa mwanangu.

Nimeweka ratiba kwenye ruta, vifaa vya watoto vinakata mtandao saa tatu usiku na kurudi saa kumi na mbili asubuhi. Siku moja mchana, kijana ana kazi ya shule ya kutuma kabla ya saa kumi, ananiambia baba mtandao haufunguki. Naangalia simu yangu, upo. Nikamwambia umechezea mipangilio. Akaapa. Nikamfokea mbele ya mdogo wake. Saa kumi ikapita.

Jioni nikafungua ukurasa wa ruta. Juu kulia imeandikwa 1 Januari 1970, Alhamisi, saa tisa na dakika kadhaa usiku. Ruta nyingi za nyumbani hazina betri ya saa, zikiwaka zinauliza saa kwenye intaneti. Apdeti ilikuwa imefuta anwani ya seva ya kuulizia, kwa hiyo ruta ikaanza kuhesabu tangu mwaka 1970 saa sita usiku. Kwake yeye ulikuwa usiku wa manane na watoto wawe wamelala.

Nilimwita nikamwonyesha ile tarehe, nikamwomba radhi, mdogo wake akiwepo. Mwalimu nikamwandikia mwenyewe.

Ukindu
Umefanya la kiume, Baba Pacha.

Kipanga
Mnajitesa wenyewe. Ruta inafanya kazi, iacheni. Yangu ina miaka sita sijaigusa, haijawahi kunisumbua.

Kufuli
Haijakusumbua wewe. Mwaka 2018 programu ya wadukuzi iitwayo VPNFilter ilikutwa kwenye ruta na vifaa vingine zaidi ya 500,000 katika nchi 54, hadi FBI ikawataka watu wazime ruta zao na kuziwasha upya. Wengi wenye ruta zile walikuwa wanasema kama unavyosema.

Kipanga
Na Novemba 2016 Ujerumani wateja kama 900,000 walikosa huduma kwa sababu wadukuzi walipitia mlango wa mtandao namba 7547, ule ule ambao watoa huduma wanautumia kuingia kwenye ruta yako na kuisimamia kutoka mbali. Mlango waliuweka wao, si mimi.

Kufuli
Na waliponywa na nini? Na toleo jipya la programu! Walichomoa ruta, wakachomeka, ikapakua. Kipanga, unanisaidia hoja mwenyewe.

Kipanga
Sisemi toleo jipya ni baya. Nasema mtu asiingie nyumbani kwangu usiku bila hodi.

Mtoto wa Saba
Hilo la usiku bila hodi ndilo limenifanya niandike. Nasoma tu hapa siku zote.

Nyumba ninayokaa iko nusu chini ya ardhi, mtandao wa simu haufiki ndani. Nilishazoea, simu zangu zinapita kwenye waifai, inaita kama kawaida. Mama yangu yuko mbali. Usiku mmoja hali yake ikabadilika ghafla, wakaamua apasuliwe usiku ule ule. Kaka yangu akaanza kunipigia saa tisa na robo. Mama alitaka asikie sauti yangu kabla hajaingizwa ndani.

Saa tisa kamili mtoa huduma alikuwa amesukuma apdeti. Ruta ilijizima, ikawaka, waifai ikarudi, intaneti haikurudi. Simu yangu iko kichwani pa kitanda, imejaa chaji, sauti iko juu kabisa. Haikuita. Niliamka saa kumi na mbili, nikaona alama ya mshangao kwenye waifai, sikujali, nikaoga. Nilipotoka nje kupanda ngazi simu ikashika mtandao, ikaanza kutetemeka mkononi. Mara 14 alinipigia. Nilikaa palepale kwenye ngazi.

Mama alipona. Neno la kwanza aliloniambia ni, "Ulikuwa wapi?" Nilimweleza habari ya ruta, akanyamaza. Kwa mtu aliyetoka kupasuliwa, ruta ni nini?

Bi Daftari
Pole mwanangu. Pole sana. Mshukuru Mungu mama yupo.

Baba Pacha
Nimesoma mara mbili. Pole ndugu yangu.

Chuma Chakavu
Lakini mtu mwenye mgonjwa unategemeaje waifai peke yake?

Nyuki wa Tatu
Chuma Chakavu, huoni kwamba hilo ameshajiuliza mara elfu? Kama huna pole, pita.

Chuma Chakavu
Sikumaanisha ubaya, samahani. Nilitaka kusema aweke simu ya mezani.

Chaneli Sita
Simu ya mezani siku hizi nayo mara nyingi imechomekwa kwenye ruta ile ile. Ruta ikilala, nayo inalala. Mtoto wa Saba, angalia kama ruta yako ina sehemu ya kupanga muda wa apdeti. Kama ni yako mwenyewe, zima apdeti za usiku, fanya kwa mkono mchana. Kama ni ya mtoa huduma huenda ukakuta hakuna kitufe.

Kufuli
Hakuna, zipo nyingi za hivyo. Na hapo, Kipanga, nakubaliana nawe: walau ujumbe mfupi siku moja kabla.

Mwanzi Mkavu
Nimekwenda kuangalia kumbukumbu za yangu. Ya alfajiri nayo ilikuwa apdeti, saa kumi na dakika nne. Sikuambiwa na mtu.

Mtoto wa Saba
Asanteni wote. Nimetafuta, kitufe hakipo. Nimewapa ndugu zangu namba ya jirani wa ghorofa ya juu, kule mtandao unashika. Amekubali kuja kunigongea mlango saa yoyote.